Taa ya Nyuma Ikiingia Maji, Usikimbilie Silikoni

Masika yakikolea hapa pwani, ukiwa kwenye foleni ya feri Likoni hebu tazama magari yaliyo mbele yako. Hukosi kuona taa moja ya nyuma ambayo maji yachezacheza ndani yake, kama soda iliyobakizwa kwenye chupa. Mwenye gari ashazoea, aona ni ubaya wa sura tu. Lakini mle ndani mna globu ya breki, na usiku kwenye barabara ya Malindi ni globu hiyo imwambiayo dereva wa matatu aliye nyuma yako kwamba umesimama.

Kwanza tutenganishe ukungu na maji, maana watu huchanganya. Ukungu mwembamba unaotanda ndani ya lenzi asubuhi, au baada ya gari kuoshwa, kisha ukatoweka taa zikiwashwa au jua likipanda, si ugonjwa. Taa haikuzibwa kama mkebe wa maziwa. Ikiwaka, hewa ya ndani hupata moto ikatanuka. Ikizimwa, hewa hupoa ikasinyaa na kuvuta nyingine kutoka nje. Kwa hivyo mtengenezaji huacha matundu ya kupumulia, aghalabu chini au mgongoni mwa taa. Mengine yana kijibomba cha mpira kilichopinda, mengine sponji au utando upitishao hewa na kuzuia matone. Na hewa yetu ya pwani hata bila mvua ina unyevu, basi ukungu kidogo ni wa kutarajiwa.

Ukiona matone manene, au maji yaliyotuama siku mbili tatu, au mstari wa uchafu ndani unaoonyesha maji yalifika wapi, hapo kuna mahali panapovuja.

Sasa, mafundi wengi wa mtaani huniudhi hapa. Gari likifika tu, silikoni yapakwa taa nzima kuzunguka, na matundu ya kupumulia nayo yazibwa. Unyevu uliokuwamo wafungiwa ndani. Kisha taa ikipoa, kwa mfano mvua ikiipiga ingali moto, hewa ya ndani yasinyaa na kuvuta kupitia upenyo wowote uliobaki, hata uwe mwembamba kama unywele. Upenyo huo ukiwa umelowa, taa yanywa maji. Isitoshe, ile silikoni inayonuka siki ina asidi inayokula shaba ya nyaya. Ukilazimika kutumia silikoni, tafuta ile isiyonuka siki.

Dawa ni kuitoa taa. Kwenye Toyota nyingi tunazoendesha hushikwa na nati au skrubu chache, na spana namba 10 ndiyo huitajika mara nyingi; nyingine hufikiwa kwa ndani, nyuma ya kifuniko cha buti. Chomoa plagi ya nyaya, zungusha holda za globu uzitoe. Anza kukagua hizo holda kabla ya kitu kingine. Mpira wake wa duara hukauka ukapasuka, au mtu alibadilisha globu akairudisha holda bila kuizungusha hadi mwisho. Nimeona taa zikihukumiwa kuwa mbovu kumbe kasoro ni kijipete cha mpira.

Kama holda ni nzima, kausha taa kwa nje, ziba matundu yote isipokuwa moja, paka povu la sabuni kwenye maungio ya lenzi na mwili wa taa, kisha puliza polepole kwa mdomo kupitia tundu lililobaki. Povu litatoa vijipovu pale penye ufa. Usitumie upepo wa kompresa, utayafungua maungio ambayo hayakuwa na shida.

Kukausha ndani hakuhitaji ujuzi. Mwaga maji, suuza kwa maji safi kama kuna chumvi au matope, kisha iache taa juani matundu yakitazama chini hadi ikauke kabisa. Jua letu latosha. Ziba ufa taa ikiwa kavu tu, na usafishe pahali hapo kwa spiriti. Petroli na thina ziache mbali, huipausha lenzi na kuipasua. Supaglu nayo huacha weupe kama moshi.

Kuna uvujaji mwingine wa kimyakimya zaidi. Kati ya taa na bodi ya gari mna gasketi ya sponji. Ikichoka, taa yabaki kavu lakini maji yateremka ndani ya buti hadi shimo la gurudumu la akiba, na kutu yaanzia huko bila mtu kujua. Ukisikia harufu ya uvundo, inua zulia la buti. Kausha, nyunyiza poda ya mtoto chini ya taa, kisha mwagia gari maji kwa mpira kwa nje. Poda itachora njia yalikopita maji. Badilisha gasketi, usiijazie gundi juu ya gundi.

Upande wa umeme, ukikanyaga breki ukaona indiketa nayo yafifia-fifia, angalia waya wa ethi na soketi. Kutu ya kijani hapo ndiyo mazao ya maji na chumvi. Indiketa ikipepesa haraka kuliko kawaida, mara nyingi kuna globu iliyokufa. Shoti ya taa moja yaweza kuunguza fyuzi, na breki za pande zote mbili zikazimika. Kwenye taa za LED jambo ni zito zaidi, maana zikishaoza bodi yake ya ndani, mara nyingi hununui globu, wanunua taa nzima.

Ukimaliza kufunga, mwagia maji dakika chache kuanzia chini kupanda juu, kisha mtu mmoja akanyage breki na mwingine asimame nyuma atazame pande zote mbili, pamoja na rivasi na indiketa. Rudia kesho yake asubuhi, kabla jua halijapanda.