Joto la kidimbwi huenda wapi?

Najua nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Kazi zilinizidi. Mojawapo ilikuwa kuandika programu ya kukata tikiti kwa klabu moja hapa Nairobi yenye kidimbwi cha kuogelea, na ndiyo iliyozaa makala haya.

Programu yenyewe haikuwa ngumu. Shida ni kwamba siku ya kuizindua ilikuwa Julai, na Nairobi ya Julai mnaijua. Hakukuwa na mtu hata mmoja wa kuuziwa tikiti. Mzee anayetunza kidimbwi alinicheka: "Kijana, hiyo tarakilishi yako haipashi maji joto." Kisha akanisimulia. Waliwahi kupasha maji kwa stima, bili ya mwezi wa kwanza ilipofika wakubwa wakaamuru mtambo uzimwe. Watoto waliokuwa wakifundishwa kuogelea wakaambiwa warudi jua likirudi. Wengine hawakurudi.

Nikamuuliza, "Mzee, hilo joto lote huenda wapi?" Akaelekeza kidole juu, hewani. Nilidhani ananitania. Nimesoma tangu siku ile na nimeona kwamba alinijibu sawasawa, tena jibu hilo ndilo lililobadilisha namna vidimbwi vya umma vinavyojengwa Ulaya.

Tuanze na hesabu kidogo, msikimbie. Kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 28 kunahitaji kilojuli 33 hivi. Lakini lita hiyo hiyo ikigeuka mvuke inaondoka na kilojuli kama 2,430. Hiyo ni zaidi ya mara 70! Chukua kidimbwi cha mita 25 kwa 10. Tuseme usiku mmoja maji yashuke kwa milimita 4 tu, kiasi ambacho jicho halioni. Lita 1,000 zimepaa, na zimebeba joto la yuniti 675 za stima hivi. Hakuna bomba lililopasuka wala mwizi aliyeingia. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba asilimia 70 hivi ya nishati inayopotea kwenye kidimbwi hupotea kwa njia hii ya mvuke.

Sisi waandishi wa programu tuna kanuni moja: programu ikienda polepole, usikimbilie kununua mashine kubwa, pima kwanza ni wapi muda unapotea. Historia ya vidimbwi inaonyesha watu walionunua boila kubwa kwa miaka mingi kabla ya kupima.

Turudi Liverpool, Uingereza, mwaka 1832. Kipindupindu kimeingia mjini. Mama mmoja maskini mzaliwa wa Ireland, Kitty Wilkinson, alikuwa na chombo kikubwa cha kuchemshia maji, kitu ambacho majirani zake hawakuwa nacho. Akawafungulia mlango waje kufua nguo na matandiko ya wagonjwa. Mwaka 1842 mji huo ulifungua nyumba ya umma ya kuogea na kufulia katika mtaa wa Frederick Street, na baadaye mama huyo akawa mmoja wa wasimamizi wake. Mwaka 1846 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuruhusu miji ijenge nyumba kama hizo kwa fedha za umma. Maji ya moto yalikuwa dawa ya umma. Vidimbwi vya kuogelea vikafuata ndani ya majengo hayo hayo, na makaa ya mawe yakabeba mzigo. Makaa yalikuwa mengi, kwa hiyo nani angejisumbua kuhesabu mvuke?

Karne iliyofuata mambo yakawa ya fahari zaidi. Miaka ya 1960 na 1970 Waingereza walijenga vituo vikubwa vya burudani, vyenye vidimbwi, kumbi za michezo na mikahawa chini ya paa moja. Mfano maarufu ni Oasis mjini Swindon, uliofunguliwa mwaka 1976, wenye kidimbwi chini ya kuba kubwa linalopitisha mwanga. (Wapenzi wa muziki, ndiyo, inasemekana bendi ya Oasis ilipata jina lake hapo.) Kuogelea chini ya anga huku nje kuna baridi ni raha. Ila kuba la namna hiyo ni blanketi lenye matundu. Na wakati linafunguliwa dunia ilikuwa imeshabadilika: kati ya mwisho wa 1973 na mwanzo wa 1974 bei ya mafuta ilipanda kutoka dola 3 hivi kwa pipa hadi karibu 12.

Baada ya hapo wahandisi walianza kufunika vidimbwi usiku na kuweka mitambo ya kunasa joto kutoka kwenye hewa inayotolewa nje. Ilisaidia, lakini kulikuwa na fundo ambalo halikufunguka. Mvuke ukigusa ukuta au kioo baridi hugeuka matone, kama soda ya baridi inavyotoka jasho mezani. Matone hayo huozesha mbao na kutia chuma kutu. Ili kuokoa jengo, feni hutoa hewa yenye unyevu na kuingiza kavu kutoka nje, ambayo lazima ipashwe joto upya. Na hewa ikiwa kavu, maji hupaa kwa kasi zaidi! Kwa hiyo unalipa ili kukausha hewa, hewa kavu inanyonya maji, unalipa tena. Ukiandika programu ya namna hiyo, bosi wako atakuuliza kama ulilala darasani.

Fundo lilifunguliwa na watu ambao hata hawakuanzia kwenye vidimbwi. Mjini Darmstadt, Ujerumani, mwanafizikia Wolfgang Feist alijenga nyumba za kuishi ambazo wakaaji wake walihamia mwaka 1991. Kuta zilifungwa tabaka nene la kuzuia joto, madirisha yalikuwa na vioo vya matabaka matatu, na hewa chafu ikitoka ilipita kando ya hewa safi inayoingia na kuiachia joto lake bila kuchanganyika nayo. Mtindo huo huitwa Passivhaus.

Miaka 20 baadaye, mwaka 2011, vidimbwi viwili vya umma vilifunguliwa Ujerumani kwa mtindo huo: Bambados mjini Bamberg na Lippe-Bad mjini Lünen. Hapa ndipo nilipompigia saluti mzee wangu. Ukuta na kioo vikiwa na joto upande wa ndani, mvuke haugeuki matone kirahisi. Basi unaweza kuuacha unyevu hewani upande kidogo bila jengo kuoza. Unyevu ukipanda, maji yanapaa polepole. Ukuta mnene, kumbe, hauzuii joto kupita ukutani tu, unapunguza pia joto linalopaa kutoka majini. Badala ya kuongeza moto, walipunguza mvuke.

Uingereza ilifuata Aprili 2022, kituo cha St Sidwell's Point kilipofunguliwa mjini Exeter, cha kwanza cha burudani nchini humo kwa mtindo wa Passivhaus. Gharama ilifika pauni milioni 40 na zaidi, na lengo lilikuwa kupunguza matumizi ya nishati hadi kwa asilimia 70 yakilinganishwa na kituo cha kawaida. Wakati huo bei ya gesi ilikuwa imeruka, na vidimbwi vingine vilikuwa vikifunga milango. Oasis ya Swindon ilikuwa imeshafungwa tangu 2020. Machi 2023 serikali ya Uingereza ilitenga pauni milioni 63 kuokoa vidimbwi. Kama kwa yule mzee wa Nairobi, bili ndiyo iliyokuwa ikiamua ni mtoto gani atajifunza kuogelea.

Sasa sehemu inayotuhusu wana tarakilishi. Si mbali na Exeter kuna mji wa Exmouth. Mwaka 2023 kampuni ya Deep Green iliweka katika kidimbwi cha umma cha mji huo seva zilizozamishwa ndani ya mafuta, kwenye kasha lenye ukubwa wa mashine ya kufulia. Mafuta yalibeba joto la seva na kuliachia maji, na ilitarajiwa yatoshe kukipasha kidimbwi hadi nyuzi 30 kwa asilimia 60 hivi ya wakati. Paris nako, kidimbwi cha Butte-aux-Cailles, kilichofunguliwa 1924 kikitumia maji ya nyuzi 28 kutoka kisima kirefu, kiliongezewa joto la seva mwaka 2017. Mimi nimefanya kazi katika ofisi ambako tulilipia stima ya seva, halafu tukalipia stima ya kiyoyozi ili kulitupa nje joto la seva hizo hizo. Nikikumbuka, naona aibu.

Msidhani mambo haya ni ya wazungu peke yao. Huko Iceland, kituo cha umeme wa mvuke wa ardhini cha Svartsengi kilichojengwa 1976 kilimwaga maji yake ya moto nje, watu wakaanza kuoga humo, likazaliwa Blue Lagoon. Sisi tunayo Olkaria, Naivasha: tangu 2013 maji yaliyokwisha kuzalisha umeme hupozwa kwenye mabwawa kabla ya kuingia katika kidimbwi ambacho watu huogelea. Joto hilo lingepotea bure.

Wiki iliyopita nilirudi klabuni na hesabu yangu kwenye karatasi. Nilimwambia mzee kuwa kabla ya mtambo wowote, wanunue turubai la kufunika maji usiku. Akacheka tena. "Kijana, hilo turubai nimeliomba miaka minne. Mimi sina karatasi yenye namba, ndiyo maana hawanisikii." Basi tumeipeleka karatasi kwa meneja, jina la mzee likiwa la kwanza juu. Ameahidi kuifikiria.

Nitawajulisha jibu likija. Na wewe msomaji, pale unapofanya kazi, joto huenda wapi? Tuambie hapa chini.