Dhahabu ya Nyamongo ni kongwe kuliko jua

DHAHABU ya Nyamongo, wilayani Tarime, ambayo wananchi na wawekezaji wameigombea tangu mgodi wa North Mara uanze uzalishaji mwaka 2002, haikuzaliwa ardhini. Miamba inayoihifadhi ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, lakini atomi zenyewe zilifuliwa angani kabla ya jua kuwapo.

Wanajimu huisoma historia hiyo katika mwanga wa nyota. Nyota za mwanzo zilikuwa haidrojeni na heli karibu tupu. Zilipolipuka zilitawanya oksijeni na chuma, nazo zilizofuata zikavirithi. Ndiyo maana nyota yenye chuma kidogo mno huhesabiwa kuwa kongwe. Dhahabu ni adimu zaidi: Agosti 17, 2017, mgongano wa nyota mbili za nyutroni ulishuhudiwa ukizalisha elementi nzito za jamii yake.

Mwendo nao ni ushahidi. Mwaka 2018, vipimo vya chombo Gaia cha Ulaya vilibainisha nyota nyingi zisizofuata mzunguko wa jua, mabaki ya galaksi ndogo iliyomezwa na Njia Nyeupe takriban miaka bilioni 10 iliyopita. Mkanda wa galaksi hiyo yetu huonekana vizuri Serengeti usiku wa kiangazi, mbali na taa za miji.