Pumu ya Mjini na Nyuzinyuzi Zilizokobolewa

Mwaka 1998 jarida la Thorax lilichapisha utafiti uliolinganisha watoto wa shule wa Nairobi na wa Murang'a. Walikimbizwa, kisha wakapimwa pumzi. Pumzi ilishuka kwa kiwango cha kutia shaka ya pumu kwa asilimia 22.9 ya watoto wa mjini, na asilimia 13.2 ya wa shamba. Wanaoilaumu hewa chafu pekee wana la kujieleza hapa, maana moshi wa jiko la kuni ulikuwa zaidi wa shamba kuliko wa Nairobi.

Jibu la mazoea limekuwa nadharia ya usafi aliyoianzisha David Strachan wa Uingereza mwaka 1989: mtoto asiyekutana na vijidudu mapema hupata mzio. Nadharia hiyo inahesabu vijidudu vinavyoingia mwilini, lakini haiulizi vinalishwa nini vikishaingia.

Chakula chao kimojawapo ni nyuzinyuzi, ambazo mwili wa binadamu hauwezi kumeng'enya. Bakteria wa utumbo mpana ndio wanaozichachusha na kutoa asidi za mafuta za mnyororo mfupi: asetati, propionati na butirati. Hilo halina ubishi. Ubishi ni kama athari yake inafika kifuani. Mwaka 2014 kundi la Benjamin Marsland, Lausanne, lilionyesha kwamba panya waliolishwa nyuzinyuzi nyingi hawakuvimba sana mapafu walipokutanishwa na utitiri wa vumbi unaoleta mzio. Propionati ilikuwa imebadilisha chembe za kinga zikiwa bado kwenye uboho, kabla hazijafika mapafuni. Ni panya, kweli. Lakini mwaka 2019 ilibainika kwamba watoto wa Ulaya waliokuwa na butirati na propionati nyingi kinyesini wakiwa na mwaka mmoja hawakupata pumu kwa wingi kama wenzao walipofika umri wa miaka 3 hadi 6.

Ushahidi mzito zaidi kwa msomaji wa Afrika Mashariki umetoka Kilimanjaro. Mwaka 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha jaribio la wanaume 77 wenye afya njema. Waliozoea chakula cha asili walihamishiwa kwa wiki mbili kwenye vyakula vya kisasa, vilivyosindikwa na vyenye nyuzinyuzi chache. Waliozoea vya kisasa wakapewa ndizi, maharage, ulezi na mboga za majani. Kundi jingine lilikunywa mbege, pombe ya ndizi, kwa wiki moja (utafiti ambao bila shaka haukukosa watu wa kujitolea). Waliohamia chakula cha kisasa walipanda viashiria vya uvimbe katika damu, na chembe zao za kinga zikalegea mbele ya vimelea. Waliorudi kwenye vya asili, na wanywaji wa mbege, walishuka. Baadhi ya mabadiliko yalikuwapo hata wiki nne baadaye.

Mkosoaji atasema chakula cha asili kina mengi zaidi ya nyuzinyuzi, na mbege ni kinywaji kilichochachuka. Ni sawa, lakini pingamizi hilo linagusa kiambato tu. Sahani inabaki mshtakiwa. Pingamizi zito ni jingine: jaribio lile halikuwa la mapafu. Hata jaribio la Australia la mwaka 2019, ambapo inulini, aina ya nyuzinyuzi, ya siku saba ilipunguza dalili za pumu, lilikuwa na wagonjwa 17 tu.

Kwa hiyo dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa, haichukui nafasi ya dawa ya kuvuta, na mgonjwa asiiache. Lakini watafiti wa Kilimanjaro tayari wana njia ya kubadilisha chakula cha watu na kufuatilia kinga yao. Jaribio lao lijalo liwachukue wenye pumu, wanawake wakiwemo, na lipime pumzi.