Jembe la Amri na Jembe la Elimu

Milima ya Usambara ina funzo kwa kila mwenye kulea vijana. Mwaka 1946, huko Mlalo, serikali ya Kiingereza ilianza kuwaamrisha Wasambaa wachimbe matuta ili mvua isichukue udongo. Kuhifadhi ardhi ni jambo jema. Lakini asiyechimba alitozwa faini, na mzigo mzito ukawaangukia wanawake. Watu wakachukia, wakapinga, na kabla ya uhuru amri ile ikavunjika.

Mwaka 1981 ukaanza mradi mwingine Lushoto, kwa msaada wa Wajerumani. Hapo mabwana shamba walifundisha kupanda mistari ya majani na miti iliyokingama mteremko. Majani yalizuia udongo, yakalisha ng'ombe zizini, na samadi ikarudi shambani. Mkulima akaona faida kwa macho yake.

Basi tazama: mlima ni ule ule na haja ni ile ile, iliyobadilika ni njia. Na kijana wako ni hivyo hivyo. Ukimpa amri bila ujuzi, atafanya kazi ukiwa unamtazama tu. Mshike mkono, mfundishe kazi yenye manufaa kwake na kwa jirani zake, naye ataishika hata ukiwa kaburini.