Historia ya Istilahi "Ergonomia" na Tafsiri Yake katika Kiswahili

Miongoni mwa istilahi zinazowasumbua wafasiri wa nyaraka za kazi ni ile inayotaja elimu ya kuilinganisha kazi na maumbile ya mtu. Wako wanaoiandika "ergonomia", wako wanaoiandika "ergonomiki", na wako ambao, kwa kuuogopa ugeni wa neno, huifasiri "usalama kazini" au "namna bora ya kukaa kazini". Katika makala hii tunakusudia kuieleza historia ya istilahi hiyo, kwa kuwa mfasiri asiyeijua anaweza kuigeuza maana yake ikawa kinyume, na hasara ya mgeuzo huo humwangukia mfanyakazi.

Tuanze na jambo tulilolishuhudia wenyewe. Katika ofisi moja, ambayo hatuna haja ya kuitaja, palibandikwa ukutani tangazo lililofasiriwa kutoka lugha ya kigeni. Liliwataka wafanyakazi wanyooshe migongo, wasiinamishe shingo, na wakumbuke kuwa afya ni jukumu la kila mmoja wao. Chini ya tangazo hilo alikaa karani ambaye kiti chake kilikuwa kifupi mno kwa meza aliyopewa, hata mabega yake yakapanda karibu na masikio kila alipoandika. Alikuwa amekalia daftari kubwa la hesabu ili apate kimo. Tangazo lilimwonya yeye. Meza haikuonywa na mtu.

Elimu hii ni ya zamani kuliko jina lake. Mwaka 1700, katika mji wa Modena huko Italia, tabibu Bernardino Ramazzini alichapisha kwa Kilatini kitabu kuhusu maradhi ya wafanyakazi. Aliwashauri matabibu wenzake waongeze swali moja katika yale wanayomuuliza mgonjwa: unafanya kazi gani? Aliandika habari za wachimba madini, wafinyanzi, waoka mikate na wengine wengi, wakiwamo makarani. Kwa hao makarani alitaja sababu tatu za kuugua: kukaa kitako mfululizo, kuuendesha mkono bila kupumzika katika mwendo ule ule, na kuishughulisha akili kupita kiasi. Mwalimu mwenye rundo la madaftari ya kusahihisha hatahitaji kuelezwa zaidi.

Jina lenyewe lilizaliwa miongoni mwa Wapolandi. Mwaka 1857 Wojciech Jastrzębowski, aliyekuwa mwalimu wa elimu ya viumbe katika chuo cha kilimo cha Marymont karibu na Warsaw, aliandika makala ya kueleza elimu mpya ya kazi, akaipa jina kwa kuunga maneno mawili ya Kiyunani: ergon, yaani kazi, na nomos, yaani sheria au kanuni. Wakati huo Poland haikuwa na dola yake, na neno la mwanazuoni huyo halikuvuka mipaka ya lugha yake. Likalala. Miaka 92 baadaye, mwaka 1949, kikundi cha wataalamu wa mwili, wa nafsi na wa mitambo walikutana London kuunda chama cha kuuchunguza uhusiano wa mtu na kazi yake. Mmoja wao, Hywel Murrell, alilibuni neno hilo upya kutoka mizizi ile ile ya Kiyunani, bila habari ya mtangulizi wake. Chama kililikubali mwaka 1950, na kufikia mwaka 1959 palikuwa na umoja wa kimataifa wa fani hiyo.

Kati ya tarehe hizo mbili walipita wapima kazi wa Marekani, ambao wasomaji wengi huwachanganya na wanaergonomia. Frederick Taylor, aliyechapisha kitabu chake mashuhuri mwaka 1911, alikadiria uzito unaofaa kuchotwa na mtu kwa koleo moja kuwa pauni 21 hivi, na akaagiza makoleo ya ukubwa mbalimbali kufuata kitu kinachochotwa. Lakini shabaha yake ilikuwa wingi wa shehena ifikapo jioni. Kama mgongo ulipona, ulipona kwa bahati.

Kilichoibadili fikra ni vita vya mwaka 1939 hadi 1945. Jeshi la Marekani lilikuwa na ndege aina ya B-17 ambazo marubani wake, baada ya kutua salama, walizikunja gurudumu zikiwa bado juu ya barabara ya kutulia, ndege ikalala kwa tumbo. Taarifa ziliandika sababu moja: kosa la rubani. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alitazama chumba cha rubani akaona kuwa kitasa cha kukunja gurudumu na kile cha kukunja mabawa madogo ya nyuma ya mbawa viko jirani, na vyafanana. Rubani aliyechoka alishika kimoja akidhani kingine. Basi kitasa cha kwanza kikapachikwa kigurudumu cha mpira na cha pili kipande chenye umbo la bawa, ili mkono uvijue bila msaada wa macho. Ajali za namna hiyo zikakoma. Marubani walikuwa ni wale wale.

Tunaomba wafasiri wakitafakari kisa hiki kwa jicho la lugha. Maneno "kosa la rubani" yalikuwa istilahi rasmi, na kwa kuwa yalikwisha kumtaja mkosaji, hayakumwachia mtu sababu ya kwenda kukitazama kitasa. Sisi nasi tunayo istilahi ya aina hiyo, nayo ni "uzembe". Ni mara ngapi imeandikwa katika taarifa ya ajali ya kiwandani pasipo mwandishi kuuliza kimo cha mashine au urefu wa zamu? Hali kadhalika neno "kuzoea". Mfanyakazi akilalamika huambiwa atazoea, na kuzoea ndiko kuulinganisha mwili na kazi, jambo ambalo ergonomia iliundwa kulikataa.

Si kwamba fikra hii ni ngeni kwetu. Mbuzi ya kukunia nazi ni kiti na chombo cha kazi kwa pamoja, mkunaji akakaa juu yake na uzito wake ukaishikilia. Ngata huugawa uzito wa mtungi kichwani. Mzega huusawazisha mzigo begani kwa kuuweka pande mbili. Wapagazi wa misafara ya karne ya 19 walibeba kwa desturi frasila mbili hivi, yaani kilo 32, na kiongozi aliyezidisha alikabiliwa na ugomvi au watoro. Hatusemi haya kwa kujisifu, maana jembe lenye mpini mfupi nalo ni letu, na limepinda migongo mingi. Tena hamali wa leo hubebeshwa gunia la kilo 100, na likiwa lumbesa ni zaidi ya hapo, ilhali Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza tangu mwaka 1967 kuwa mzigo wa mwanamume mmoja usizidi kilo 55. Kweli mpagazi alitembea miezi na hamali hutembea hatua chache, lakini hatua hizo ni nyingi kwa siku.

Sasa tufasirije? Kwa elimu yenyewe tunaona "ergonomia" lafaa. Linakaa pamoja na kemia, anatomia na jiografia, na mfuatano wa r na konsonanti nyingine si mgeni kwa msemaji wa ardhi na karne. Zaidi ya hayo, Wapolandi wenyewe leo huliandika hivyo hivyo, herufi kwa herufi. "Usalama kazini" ni pana mno, maana huingiza moto, sumu na umeme. "Namna bora ya kukaa kazini" ndiyo tunayoikataa kabisa, kwa kuwa humpa aliyekaa wajibu wa aliyenunua kiti. Penye haja ya maelezo na iandikwe "kulinganisha kazi na mtu", mpangilio wa maneno usigeuzwe, maana "kulinganisha mtu na kazi" ni habari nyingine.

Jambo hili limekuwa la haraka tangu mwaka 2021, Bunge la Tanzania lilipoamua Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama, kwani Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ilitungwa kwa Kiingereza.

Lililobaki gumu ni majina ya maumivu. Mshona nguo ambaye vidole vyake hufa ganzi usiku, na mpakuzi asiyeweza kuinua bega, wote huenda hospitali wakasema wana baridi yabisi, na jina hilo huitupia lawama hali ya hewa. "Maradhi ya misuli, kano na viungo yatokanayo na kazi" ni tafsiri sahihi, lakini ni ndefu, na hatujamsikia mtu akiitamka dirishani kwa daktari. Wasomaji wetu walio karibu na bandari, mashamba ya mkonge na viwanda vya nguo bila shaka husikia maneno mafupi zaidi vinywani mwa wafanyakazi. Tungependa kuyapata, pamoja na maelezo ya kazi ambamo hutumika.