Mchapuko wa chukudu mteremkoni

Mwanafunzi wa Butembo au Beni, mashariki mwa Kongo, hufundishwa fizikia kwa Kifaransa. Akirudi nyumbani, mambo mengi ya somo hilo anayaita nguvu: injini ina nguvu, dunia inavuta kwa nguvu, chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, imeshuka na nguvu. Neno ni zuri, ila linafunika vitu vinne. Kani ni msukumo au mvuto. Graviti ni kani mojawapo, ile ya dunia kuvuta kila kitu kuelekea kitovu chake. Velositi ni kasi pamoja na mwelekeo wake. Cha nne ni mchapuko, na hapo ndipo wengi hukwama.

Jina hilo linatokana na kuchapuka, yaani kuharakisha mwendo. Kwa wanafizikia, mchapuko ni kiasi ambacho velositi inabadilika kila sekunde. Gawanya kani kwa tungamo la kitu, yaani kilo zake, utaupata. Ndiyo kanuni aliyoiacha Newton mwaka 1687.

Tuitazame chukudu yenye kilo 300, mzigo na mwendeshaji pamoja, kwenye mteremko unaoshuka mita 1 kila mita 10 za barabara. Huku kwetu kwenye ikweta, mchapuko wa graviti ni kama mita 9.78 kwa sekunde kwa sekunde, kwa hiyo graviti inaivuta kufuata barabara kwa kani ya karibu newtoni 290. Msuguano ukila 140, zinabaki 150. Ukigawanya kwa 300 unapata mchapuko wa 0.5. Baada ya sekunde 20 chukudu iliyoanza ikiwa imesimama inakwenda mita 10 kwa sekunde, sawa na kilomita 36 kwa saa.

Sasa mwendeshaji anakanyaga breki yake, kipande cha tairi kinachobana gurudumu la nyuma. Kikizuia kwa newtoni 150, kani zinalingana na mchapuko unakuwa sifuri, lakini chukudu haisimami! Inaendelea kushuka kwa kasi ileile. Hili ningependa kila mtoto alielewe mapema: kani zikilingana, mwendo haufi, unabaki ulivyo. Ili asimame ndani ya mita 20 anahitaji newtoni 900, nyingi mno kwa mguu mmoja na kipande cha mpira. Ndiyo maana mwendeshaji mzoefu huanza kubana juu kabisa ya mlima, kasi ikiwa bado ndogo.

Kwenye kona, kasi inaweza kubaki ileile na mchapuko ukawepo, kwa sababu mwelekeo unageuka. Kani ya kuugeuza hutoka pale gurudumu linaposhika ardhi. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu huteleza na kani hiyo hupungua. Isipotosha, velositi inabaki na mwelekeo wake wa zamani, na chukudu inanyoosha moja kwa moja nje ya barabara.