Nani Anamngoja Nani

Oktoba 2005, mawakala wachache wa katikati ya Nairobi, Mathare na Thika walianza kujaribu huduma ya kulipia mikopo kwa simu, iliyokusudiwa wateja wa shirika la mikopo midogo la Faulu. Wateja wakaigeuza: wakaanza kutumiana pesa. Tarehe 6 Machi 2007 kampuni ya simu ya Safaricom iliizindua huduma hiyo, M-Pesa, nchi nzima. Mwaka mmoja baadaye waliojiandikisha walikuwa takriban milioni 2.

Daftari lolote la pesa la namna hii lina jambo moja gumu. Tuseme akaunti ina shilingi 1,000, na maombi mawili ya kutoa 800 yanaingia kwa mpigo. Yakishughulikiwa kwa pamoja, kila moja litasoma salio la 1,000 na kuridhika, na pesa zitatoka mara mbili. Kwa hiyo ombi la kwanza hushika kufuli, husoma salio, hulipunguza, huandika, kisha huachia. La pili hungoja. Kwa mtu mmoja anayemtumia mamake pesa, kungoja huko hakuonekani. Lakini akaunti inayolipwa na maelfu ya watu jioni ya mwisho wa mwezi ni ile ile moja, na salio lake haliwezi kuandikwa na wawili kwa wakati mmoja.

Chini ya daftari kuna mfumo endeshi, na kiini chake nacho kina kufuli zake, nyingi zaidi na za haraka zaidi. Mholanzi Edsger Dijkstra alikuwa ameliandikia tatizo hili la wawili kugombea kitu kimoja suluhisho tangu 1965. Linux, mfumo wa Linus Torvalds, ililikabili waziwazi katika toleo la 2.0 la Juni 1996, ilipoanza kutumia prosesa zaidi ya moja. Iliwekewa kufuli moja kubwa kwa kiini kizima: prosesa moja ikiwa ndani, nyingine zikae nje. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, kwani ulizuia data isiharibike. Lakini prosesa zilipoongezeka, foleni nayo ilirefuka. Wahandisi wakaanza kuigawa kufuli ile kuwa ndogo ndogo, hii ya faili, ile ya kumbukumbu, nyingine ya mtandao. Mabaki yake ya mwisho yaliondolewa Mei 2011.

Miaka 15 ni mingi, na naamini sababu kubwa ni kwamba ugomvi wa kufuli hujificha. Prosesa inayozunguka mahali pamoja ikingojea kufuli huonekana ina kazi asilimia 100. Ukiitazama kwa nje utasema mashine imeelemewa, utanunua kubwa zaidi yenye prosesa nyingi, na hapo utakuwa umeongeza wagombeaji wa kufuli ile ile.

Kazi ya kuigawa kufuli kubwa ikiwa bado inaendelea, Oktoba 2007, M-Pesa ikiwa na miezi saba, Linux 2.6.23 ikatoka na kazi ya Mholanzi mwingine, Peter Zijlstra: jedwali liitwalo lock_stat. Kwa kila aina ya kufuli huonyesha imeshikwa mara ngapi, mara ngapi aliyeitaka aliikuta imeshikwa, muda uliopotea kungoja, na muda iliokaa mikononi mwa mwenye nayo. Kufuli iliyoshikwa mara milioni moja na kugombewa mara elfu haitishi. Iliyoshikwa mara 2,000 na kugombewa mara 1,500, hapo pana jambo. Muda wa kungoja ukiwa mrefu na wa kushika mfupi, wanaoitaka ni wengi, basi igawe. Wa kushika ukiwa mrefu, tafuta anayefanya kazi nyingi mno akiwa ameifunga.

Jumla za jedwali kama hilo nazo huficha dhuluma. Mhandisi wa Linux Nick Piggin, akijaribu mashine ya prosesa 8, aliona programu zilizopewa kazi sawa zikitofautiana hadi mara mbili kwa muda wa kumaliza. Kufuli ilipoachiwa, ilinyakuliwa na aliyekuwa karibu, si aliyetangulia. Toleo la Linux la Aprili 2008 likaleta dawa yake: kila anayefika huchukua namba, kama kwenye ukumbi wa benki, na hungoja zamu yake.

Seva za M-Pesa zilikuwa Ujerumani hadi Aprili 2015, zilipohamishiwa Kenya pamoja na mtambo mpya, miamala ikiwa imekua kupita makisio ya mwanzo. Kwa wahandisi wa mifumo yenye shughuli kama hiyo, lock_stat ina kasoro: kuhesabu kila ushikaji huipunguzia mashine kasi, hivyo kwa kawaida haiwashwi kwenye seva zinazohudumia watu. Linux 5.19 ya Julai 2022 iliweka alama mbili ndani ya kiini, moja pale kungoja kunapoanza na nyingine kunapokwisha. Kufuli inayopatikana bila ugomvi haizigusi alama hizo, kwa hiyo mhandisi anaweza kuhesabu wanaongoja hata jioni ya mwisho wa mwezi, wateja wakiendelea kulipa.